Karatasi ya Mpishi wa Sabuni

Katika kiwanda chetu cha sabuni pale Kadutu tulikuwa wafanyakazi mia mbili na kumi na wawili, na mwezi wa tatu mwaka 1982 nilitakiwa kuthibitisha kwamba kila mmoja wetu anaruhusiwa na sheria kufanya kazi nchini Zaïre. Nilitakiwa mimi peke yangu. Nilipewa majuma matano, rundo la fomu, na kalamu moja ya wino ambayo ilianza kuvuja siku ya pili.

Nilikuwa mkuu wa ofisi ya wafanyakazi. Cheo kilikuwa kikubwa kuliko ofisi yenyewe, iliyokuwa na meza, kabati la chuma la mafaili, na dirisha linalotazama mapipa ya mawese. Kwa karatasi niliitwa Citoyen Murhula, yaani Raia Murhula. Nyumbani na kanisani niliitwa Placide, au Papa Yolande, kwa jina la binti yetu wa kwanza. Miaka ile kila mtu alikuwa na majina mawili, moja la serikali na moja la kuitiwa chakula, na waliokuwa wakiyachanganya ni walevi tu.

Barua iliyoniletea kazi hii ilitoka mkoani. Ilisema kwamba kwa sababu ya sheria mpya ya uraia, inayomhesabu raia kwa babu zake na si kwa mahali alipozaliwa, kila mwajiri apeleke orodha mbili, moja ya raia na moja ya wageni. Mgeni awe na kadi ya kazi ya wageni, la sivyo aondolewe. Mwajiri atakayeficha mgeni atafungiwa kiwanda, na mtu aliyethibitisha orodha atashtakiwa yeye binafsi. Sentensi hiyo ya mwisho niliisoma mara tatu, maana mtu aliyethibitisha orodha nilikuwa mimi.

Basi watu wakaanza kuniletea uthibitisho wao. Mmoja alileta kadi ya Chama, akanuna nilipomwambia kwamba Chama ni cha kila mtu, hata cha mtoto aliye tumboni. Mwingine alileta kadi ya ubatizo iliyoliwa na panya upande wa jina. Maman Colette, aliyekuwa akifunga vipande vya sabuni kwenye makatoni, alileta picha ya harusi ya wazazi wake. Nilimuuliza picha hiyo inathibitisha nini. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa mvua ni ya nini, akasema inathibitisha kwamba wote wawili walikuwepo.

Niseme ukweli, kwa kuwa sasa nimezeeka na hakuna wa kunifuta kazi. Karatasi zile hazikuthibitisha kitu. Nilichokuwa nikikifanya ni kusikiliza jina. Jina likiwa la huku kwetu, la Kabare au Walungu, la Kalehe au Shabunda, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye orodha ya raia, nami nikamwambia mwenye jina alete cheti cha chifu wake atakapokipata. Wengi hawakukileta hadi leo. Hata changu mwenyewe hakikuwamo kabatini, na hakuna aliyekiulizia.

Juma la tatu alikuja mkaguzi kutoka mkoani, kijana mwenye abacost, ile suti ya serikali isiyo na tai, iliyopigwa pasi hadi kwenye mikunjo ya viwiko. Akiwa mbele yetu tulimwita Citoyen Mkaguzi, na akiwa mbali tulimwita Venant, jina lake la ubatizo. Hakutaka kuona faili hata moja. Alikaa kwenye kiti changu, akasoma orodha kwa sauti ya chini kama padri asomaye litania, na kwa penseli nyekundu akatia alama kwenye majina saba. Nilimuuliza ameyachaguaje. Alisema masikio yake yanamtosha. Akaongeza kwamba jina lenye alama linaweza kurudi kwa raia likiletewa cheti cha chifu, mradi faili la mtu huyo lisiseme kinyume.

Mimi nilikuwa nani wa kumcheka? Masikio yake na yangu yalifanya kazi moja, tofauti ni penseli.

Kati ya wale saba, wawili walikuwa wageni kweli na kadi zao zilikuwa sawa. Watatu waliondoka kuelekea Goma bila kuaga. Wa sita alikuwa mtu wa Idjwi aliyekuja na chifu wake mzima-mzima, akamkalisha mlangoni pangu mpaka nikamfutia ile alama. Akabaki mmoja, Sebuhoro, ambaye sote tulimwita Papa Grégoire.

Papa Grégoire ndiye aliyekuwa mpishi wa sabuni. Asiyejua kazi ile hudhani sabuni hujipika. Mawese na magadi makali huchemka ndani ya tangi tangu asubuhi, na lazima mtu ajue dakika ya kuzima moto. Ukizima mapema, sabuni itababua mikono ya wanawake. Ukichelewa, itavunjika kama udongo. Papa Grégoire alichota kidogo kwa mwiko, akaacha kipoe, akagusisha ncha ya ulimi. Kikimuuma, alitikisa kichwa. Kisipomuuma, aliinua mkono na moto ukazimwa. Wakati mmoja tuliletewa chombo cha kupima kutoka Ulaya, na siku chombo kilipokataliana na ulimi, ulimi ndio uliokuwa na haki. Alikuwa amefanya hivyo miaka ishirini na sita, na chakula hakikuwa na ladha kinywani mwake tena. Mke wake, Agathe, alikuwa akilalamika kwamba anampikia mtu ambaye hajui chumvi.

Waliishi katika kambi ya kiwanda, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Agathe ndiye aliyemsimamia mtoto wetu wa nne kwenye ubatizo. Papa Grégoire akiondolewa kazini, angeondolewa na nyumbani, na zahanati ya kiwanda isingewapokea tena. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Hakuna ambaye angemwajiri kwa ajili ya ulimi wake.

Na aliyemtia katika shimo hilo ni mimi.

Mwaka 1972 serikali iliamuru tuache majina ya Kikristo na kila mtu achukue jina la mababu zake. Mimi nilikuwa karani mwenye miaka ishirini na tisa, na niliandikisha kiwanda kizima kwa wiki moja. Papa Grégoire alikuja akiwa na jina tayari, Cirimwami. Ndilo jina ambalo watu wa kijiji cha Mumosho, upande wetu wa mpaka, walimpa baba yake alipokuja kukaa kwao zamani za Wabelgiji. Nilimkatalia. Nilimweleza, kwa majivuno ambayo leo yananitia aibu, kwamba jina la kupewa na majirani si jina la mababu, na fomu inataka jina la babu mzaa baba. Babu aliitwa nani? Akasema Sebuhoro. Aliishi wapi? Ng'ambo ya Ruzizi, upande wa Rwanda. Nikaandika yote kwa mwandiko mzuri, nakala tatu: moja yake, moja ya faili, moja ya mkoa. Nilidhani ukweli na karatasi ni kitu kimoja.

Wenzake wengi waliotoka upande uleule walichukua majina ya wake zao, au ya mlima waliokuwa wakiuona dirishani, na hakuna aliyewasumbua. Walidanganya fomu, wakalala salama. Yeye alitii, na utiifu wake ulikuwa na sahihi yangu chini.

Nilikwenda kwa mkurugenzi wetu, Citoyen Pascal kama tulivyomwita kwa kukosea makusudi, nusu ya serikali na nusu ya kanisa. Naye alikuwa amechoka. Miaka tisa kiwanda kilikuwa kimechukuliwa na serikali, kimerudishwa, kimechukuliwa nusu tena, na yeye alibaki humo kama msumari. Alinisikiliza akiwa amefumba macho. Alisema hataki vita na mkoa, lakini hataki pia kuuza matope. Nilete cheti cha chifu, na mimi nithibitishe kwamba faili halikipingi, na yeye atatia sahihi bila kusoma. Kwa maneno mengine, mzigo wote ulirudi kichwani pangu. Ndiyo maana wazee husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kwanza tulijaribu njia iliyonyooka. Kama yeye ni mgeni, basi aombe kadi ya kazi ya wageni, tuyamalize. Kadi ilitaka cheti cha nchi alikotoka. Papa Grégoire alivuka daraja hadi Cyangugu, akapanga mstari siku mbili. Kule walifungua vitabu vyao, wakamuuliza kilima, wakamuuliza mwaka, wakamwambia hawana mtu kama huyo na kwamba Kinyarwanda chake kinachekesha. Alirudi na embe alizomnunulia Agathe. Alinieleza habari hiyo bila hasira yoyote, na hilo lilinichosha zaidi kuliko kama angenitukana.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, tulipanda lori la kiwanda lililokuwa likienda Uvira kuchukua mawese. Dereva alitushusha njiani, tukatembea saa nzima hadi Mumosho. Papa Grégoire alitembea mbele yangu akisalimia watu wa mashambani kwa Mashi, lugha ya pale, nao wakamjibu kwa jina la baba yake. Mbele ya mgomba mmoja alisimama akanionyesha mahali alipozaliwa. Kutoka pale sauti ya Ruzizi ilisikika vizuri.

Chifu wa pale alikuwa Cyprien, mtoto wa yule chifu aliyempokea baba yake Grégoire. Alikuwa mtu mnene, mwepesi wa kucheka, mwenye muhuri wa serikali ndani ya kopo la maziwa ya unga. Alituletea viti, pombe ya ndizi, na kikongwe mmoja, Marie-Louise, ambaye aliona mambo yale kwa macho yake akiwa msichana. Kikongwe alisimulia kwa utaratibu. Alitaja rangi ya ng'ombe, alitaja waliokuwepo, alitaja hata aliyelewa siku hiyo. Baba yake Grégoire alikuwa ametoa kalinzi, yaani ng'ombe ambaye mtu humpa chifu ili apewe shamba na kuhesabiwa kuwa mtu wake, yeye na watoto wake.

Nilimwambia chifu kwamba ushahidi huo ni mzuri sana, lakini fomu haina mstari wa kalinzi. Ina mstari wa kabila, mstari wa ukoo, na mstari wa babu. Akiandika babu wa kweli, mkoani wataitupa. Cyprien aliichukua fomu, akaigeuza nyuma na mbele kutafuta mstari aliokuwa akiujua. Halafu akasema na mimi kwa Kiswahili, ili nisije nikasingizia kwamba sikuelewa.

"Kwetu, mutu akisha kutoa kalinzi, hatumuulizake tena alitokea wapi. Papa yake alikuwa mutoto ya papa yangu. Basi papa yangu njo babu yake. Nitaandika vile, na si bongo."

Kwake yeye haukuwa uongo. Kwangu, baada ya yote niliyoyajua, haukuwa uongo pia, ila karatasi ilikuwa na sheria zake. Nilimgeukia Papa Grégoire, maana cheti kilitaka na sahihi yake. Angekiri kwa mkono wake kwamba babu yake ni yule chifu wa zamani, na kwamba Sebuhoro ni jina la kubuni tu lililoandikwa kazini. Alikuwa ameshika kopo la pombe bila kunywa. Nilimhimiza. Nilimwambia kwamba hakuna atakayejua, kwamba ni wino tu, kwamba juma moja limebaki. Nilikuwa na haraka, na miguu iliniuma.

"Babu yangu alishakufaka," akasema mwishoni. "Yeye hana na lazima ya kazi. Mimi njo niko na lazima."

Akatia sahihi. Cyprien akapuliza muhuri kwa pumzi yake ili wino ushike, akaugonga mara mbili. Wakati wa kurudi Papa Grégoire hakusalimia mtu hata mmoja njiani. Nilidhani amechoka tu kama mimi.

Jumatatu nilifungua kabati na kutoa faili lake. Humo ndani kulikuwa na mkataba wa 1956, kadi ya zahanati, na fomu yangu ya 1972. Babu mzaa baba: Sebuhoro. Makazi ya babu: Rwanda. Mwandiko safi, bila kufuta popote. Cheti cha Cyprien kikikaa kando ya fomu hiyo, hata Venant asiyesoma mafaili angeona kwamba moja inaipinga nyingine. Nakala ya Papa Grégoire mwenyewe Agathe alikuwa ameichoma jikoni jioni ya Jumapili. Ilibaki hii yangu, na ile ya mkoa.

Kilichotakiwa kilikuwa kidogo sana. Karatasi moja itoke ndani ya faili na kuingia ndani ya moto wa tangi, hatua thelathini kutoka mezani pangu. Niliishika. Kisha nikafikiria nakala ya tatu, ile ya mkoa, imekaa kwenye rafu fulani ikinisubiri, na Venant akiilinganisha na faili tupu na kuuliza nani alikuwa na ufunguo wa kabati. Nilifikiria watoto wangu saba. Nilifikiria gereza. Nikairudisha.

Mchana nilikwenda nyumbani kula, nikamweleza mke wangu, Georgette. Alikuwa akigawa ugali, na hakuacha kugawa.

"Karatasi moja tu, Placide," akaniambia. "Upasule, uje kula."

Nilimwambia kwamba yeye hajui mambo ya ofisi. Kweli, hakuyajua. Alijua mambo ya majirani.

Jumanne niliitoa tena na kuirudisha. Jumatano sikulifungua kabati kabisa. Nilijipa kazi ya kupanga upya kadi za zahanati, ambazo hazikuhitaji kupangwa. Kila nilipoinua kichwa nilimwona dirishani akigusisha mwiko kwenye ulimi, akitikisa kichwa, akisubiri. Hakuja hata mara moja kuniuliza mambo yamefika wapi. Aliniamini, na mimi nilimchukia kidogo kwa ajili ya hilo, kama vile mtu humchukia anayemdai hata kama hajasema kitu.

Alhamisi niliandika orodha mbili kwa mashine. Sebuhoro nilimwandika katika ya pili, kwa wageni, na mahali pa namba ya kadi nikaacha wazi. Chini nikaandika kwamba yote yamethibitishwa, nikatia sahihi. Nilifanya kwa woga. Nimewahi kuwaambia watu kwamba nilifanya kwa kufuata sheria, na walinisifu, lakini ulikuwa woga mtupu.

Ijumaa nilizipeleka mkoani mwenyewe. Karani wa pale, Firmin, alizigonga muhuri wa kupokea bila kuzitazama, akaziweka juu ya rundo lililokuwa limefika usawa wa kifua chake. Kwa kuwa nilikuwa nimesimama pale, nilimuuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, nakala zile za majina za mwaka 1972 zinawekwa wapi siku hizi. Alifikiri kidogo. Akasema chumba kile kilivuja tangu mvua za mwaka 1974. Zilizooza zilitupwa, na zilizobaki mama wa soko la Nyawera walifungia karanga. Akaniuliza kama nilikuwa na shida nazo. Nikasema hapana.

Orodha yangu ilikuwa pale juu ya rundo, naweza kusema futi mbili kutoka mkononi mwangu. Firmin alikuwa mtu mwema. Ningemwambia nimekosea mstari, angenirudishia, na kesho yake ningeileta nyingine. Lakini sahihi ilikuwa imekauka, muhuri umegongwa, na mimi nilikuwa nimechoka na majuma matano ya majina ya watu. Nilitaka jambo liishe. Nikavaa kofia, nikapanda mlima kurudi Kadutu kwa miguu.

Jumamosi, baada ya salongo, tulipokuwa tumemaliza kufyeka mitaro kwa amri ya serikali, nilimwita Papa Grégoire pembeni. Nilimwambia kwamba mkoani wamekikataa cheti. Nilimrudishia karatasi ya Cyprien. Uongo ule ulitoka mdomoni vizuri kuliko ukweli wowote niliowahi kuusema, nikaongeza hata sura ya Venant na penseli yake. Alisikiliza hadi mwisho. Aliuliza jambo moja tu, kama ataruhusiwa kumaliza tangi la Jumatatu, kwa sababu mawese yalikuwa yameshapashwa moto.

Walimpa siku kumi na tano. Katika siku hizo alijaribu kumfundisha Ignace, mtu wa zamu ya pili, jinsi ya kuonja. Ignace alivuta tumbaku ya majani tangu utoto, na ulimi wake ulikuwa soli ya kiatu. Mwezi wa tano Georgette alinionyesha viganja vyake vilivyobabuka kwa sabuni yetu, akavifunga tena. Lakini hayo yalikuwa baadaye.

Siku ya kuondoka kwao, Papa Grégoire alikuja ofisini asubuhi kurudisha ufunguo wa nyumba. Walikuwa wakienda Kalehe, kwa binti yao Monique aliyeolewa kule, kulima shamba la mkwe. Alikuwa amevaa koti lake la misa. Kwenye mkono mmoja alibeba kikapu kidogo cha maharage, akakiweka mezani pangu, akasema kimetoka kwa Agathe, kwa ajili ya watoto. Nilijaribu kukataa. Alikisogeza kwa kidole hadi kikagusa mkono wangu.

Alinishukuru. Alisema katika kiwanda kizima nimekuwa mtu pekee aliyemhangaikia, na kwamba safari ile ya Mumosho hataisahau, maana mkubwa gani mwingine angetembea saa nzima kwa miguu siku ya Jumapili kwa ajili ya mpishi. Alisema amemwambia Agathe aniombee. Nilitazama maharage. Kulikuwa na maneno ambayo yalitakiwa kusemwa pale, nayo yalikuwa machache, na nilikuwa nayajua yote. Nilimuuliza kama wamepata lori.

Alisema wamepata. Halafu akatia mkono ndani ya koti, akatoa karatasi ya Cyprien iliyokunjwa mara nne ndani ya kipande cha nailoni.

"Kule kwa Monique nyumba inavujaka," akasema. "Na mwaka ingine sheria inaweza kugeuka. Unitunzie hii, Papa Yolande. Kwako karatasi haipoteaka, hata moja."

Niliipokea kwa mikono miwili. Alisubiri, kwa kuwa alitaka kuona inapowekwa. Nikafungua kabati mbele yake, nikatoa faili lake, nikaitia ndani juu ya ile fomu ya 1972, nikafunga kwa ufunguo.